Mistari Miwili ya Kahawa

Baba,

Ni mimi Kendi, kitinda mimba wako. Wiki tatu zimepita tangu tukuzike. Mvua imenyesha vizuri, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama dume. Najua ungeguna tu.

Nina jambo la kukiri. Siku ile hospitalini, ulipokuwa huwezi tena kusema, nilichukua kikombe cha plastiki nikakumiminia maji kichwani mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Katekista alitufundisha kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Nilikuita Yosefu. Sikukuuliza. Ulinitazama tu, maji yakikuingia sikioni, nami nikakupangusa kwa leso yangu. Kusema kweli, sikufikiria mbingu. Nilimfikiria Mama, na aibu atakayoipata tukikuzika bila padri.

Padri alikuja. Kwaya iliimba. Watu walisema umeondoka ukiwa msafi, lakini mimi nilijua kwa nini ulikataa ubatizo miaka yote. Kila Pasaka Mama alikusihi, na kila Pasaka ulimjibu: "Nikiingia kwa maji na shamba ya Mbaabu iko kwangu, nitatoka nimelowa tu."

Jirani yetu Mbaabu alipokwenda kufanya kazi Kiambere, wakati bwawa likijengwa, ulisogeza mpaka ukameza mistari yake miwili ya kahawa. Aliporudi aliona, lakini hakusema kitu. Mkaendelea kusalimiana miaka yote hiyo, hata kuazimana panga.

Sasa kipande hicho umeniachia mimi. Nilipomwambia kaka Mutuma kwamba nataka kukirudisha, alicheka. "Wewe Kendi, si ni wewe ulimbatiza? Hiyo dhambi ilioshwa. Hiyo shamba ni safi." Nilikasirika, Baba, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Maji niliyokumiminia wewe, yeye anayatumia kuoshea wizi.

Jumatatu nikaenda kwa Mzee Mbaabu. Alinisikiliza hadi mwisho, akachukua fimbo yake, akaniongoza hadi chini ya shamba. Kuna mashimo matatu pale katikati ya kahawa, yamejaa majani. Mimi nilidhani ulichimba ya migomba.

"Mpaka ya zamani ilipita hapa," akasema. "Baba yako alianza kuchimba kabla agonjeke. Aliniambia akimaliza kupanda miti ya mpaka, ataenda kwa padri na miguu yake mwenyewe."

Niliketi pale pale kwenye majani nikalia. Sikuwa nimelia tangu ufariki, hata kaburini.

Nilifundishwa kwamba katika ubatizo mtu hufanywa mwenye haki mbele za Mungu. Wewe naona ulianza na jembe, maji yakakukuta njiani. Padri akitaka anisahihishe. Mutuma nimeshamwambia, na amenuna.

Pumzika, Baba. Kama jina la Yosefu hulipendi, utanisamehe, nilikuwa na haraka. Miche ya mpaka nimeshainunua sokoni Nkubu, na Jumamosi nateremka nayo shambani. Mashimo yaliyobaki nitayachimba mimi.

Binti yako,
Kendi