Mkwe Aliyegeukia Ukuta

Mama Jeanne, jambo. Ninauandikia ukurasa wako wa gazeti kwa woga, nimekaa nyuma ya magunia ya sukari katika depo yangu hapa mtaa wa Makomeno, sikio moja kwa wateja na jingine kwa annexe, kile chumba cha nyuma ya uwanja ambamo mama mkwe wangu anaishi, kwa sababu akikohoa mara mbili mfululizo moyo wangu unasimama, na leo amekohoa tangu asubuhi.

Mimi ni Munande, mtu wa Butembo. Nilikuja huku kijana na biashara ya jumla, nikamwoa Séphora, binti wa familia ya Kikatoliki ya Waluba iliyoshuka kutoka kaskazini ya Katanga wakati babu yake alipopata kazi ya reli, na siku ya mahari mjomba wake, tonton Emery, aliniketisha pembeni akanifundisha buko, yaani heshima ya mkwe kwa mama wa mke wake: usimtazame usoni, usimpe mkono, usile naye sahani moja, usiingie anapolala, na mwili wake usiuguse hata kwa bahati mbaya. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini haifiki huko. Nilikubali yote, tena kwa furaha, maana mgeni akipewa sheria za nyumba anajiona amepewa na ufunguo.

Baba mkwe alipofariki, Mama Émerance akahamia kwetu, na tumeishi vizuri, yeye akitoka kuanika nguo mimi naingia depo, tukiwa na neno tunasemezana yeye ndani mimi nje, pazia katikati. Watu walicheka. Jirani yetu Guelor, dereva wa lori, aliniambia mbele ya wateja: "Weye Munande, buko unaifanya kushinda Baluba benyewe. Siku moja utapisha hata photo yake." Walicheka, nami nikacheka, na moyoni nilifurahi, maana katika mji huu kuambiwa na wenyeji kwamba umewashinda kwa desturi yao si jambo dogo.

Sasa sikiliza kilichotokea. Séphora ni mpishi katika kambi ya wafanyakazi upande wa Kinsevere, anakaa huko kazini kisha anarudi nyumbani kupumzika, na mchana mmoja alipokuwa huko nilisikia mama mkwe akiita "mukwe, mukwe" kwa sauti kama ya mtu aliye chini ya maji. Mke wa Guelor ndiye aliyeingia ndani na kumtoa, yeye na mume wake wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha taksi, na mimi nikakaa mbele na dereva nikiangalia barabara, nikisikia nyuma yangu ile pumzi inavyokwaruza, wala sikugeuka. Mke wa Guelor alikuwa ameacha watoto peke yao na Guelor alikuwa na safari ya lori, kwa hiyo walipomfikisha hospitalini walirudi, nikabaki mimi.

Hiyo urgence, sehemu ya wagonjwa wa dharura, mama, ni chumba kimoja kirefu, vitanda vimekaribiana hadi magoti yanagusana, watu wanaita majina ya Mungu na majina ya mama zao, na muuguzi alikuwa mmoja. Kila mgonjwa anaruhusiwa garde-malade mmoja, ndugu wa kumhudumia, wengine wote nje. Muuguzi alimwekea mama mkwe maski ya oksijeni ambayo kamba yake ilikuwa imekatika, akanigeukia: "Weye njo garde-malade? Panda nyuma yake, mugongo yake ku kifua yako, ushike maski, usimuache ateremuke. Narudia sasa hivi." Akakimbilia mtoto aliyekuwa anakakamaa upande wa pili.

Sikupanda. Nilikunja kitenge chake kingine nikakisukuma nyuma yake kwa ncha ya vidole bila kumgusa, nikamwomba ashike maski mwenyewe, kisha nikageuka, nikasimama nimetazama ukuta. Nilimsikia akiteremka. Nilisikia maski ikianguka juu ya chuma cha kitanda, nikasikia nguo ikifunguka, nikajua kwamba nikigeuka sasa nitamwona mama wa mke wangu akiwa uchi, na kadiri nilivyojua hivyo ndivyo shingo yangu ilivyokuwa nzito, nikawa nasema tu, "Mama, jikaze, muuguzi anakuja," na ile sauti yake ikawa inapungua, na mimi, Mama Jeanne, nilikuwa naomba Mungu muuguzi aje, sikuomba Mungu anigeuze.

Mwanamke wa kitanda cha jirani ndiye aliyekuja. Anaitwa Syntiche, alikuwa anamlinda kaka yake. Alimwacha kaka yake, akapanda kitandani na viatu vyake, akamwinua mama mkwe, akamfunika, akamkandamizia maski usoni, ndipo akaniambia bila kupaza sauti: "Baba, uko unaangalia nini ku ukuta? Mama yako haiko kule." Muuguzi aliporudi akauliza mimi ni nani wa mgonjwa huyu, nikajibu ni mkwe. "Hapa hakuna mukwe," akasema. "Hapa iko bale banapumua na bale banaacha kupumua."

Mama mkwe alipona siku ile. Daktari alisema ni moyo, akampa vidonge, akasema akirudiwa tusichelewe kumleta. Séphora alitoka kambini mbio, akamkuta mama yake amekaa anakunywa uji, na kwa kuwa aliambiwa hospitalini kwamba garde-malade alimshika mgonjwa hadi pumzi ikarudi, akaelewa kwamba garde-malade huyo ni mimi. Alilia akanishukuru. Tonton Emery alikuja nyumbani akanishukuru mbele ya familia. Nami nilinyamaza, na tangu siku hiyo kila anayenishukuru ananipiga kofi bila kujua.

Lakini hata hilo silo linalonitisha zaidi. Juzi, Séphora akiwa sokoni, mama mkwe aliniita, nikasimama nje ya pazia, naye akasema polepole kwa sababu pumzi haimtoshi: "Mukwe, ile siku ulifanya muzuri. Ata ikirudia, ufanye vile vile." Amenisifu kwa kumwacha afe. Tena amesema hospitalini harudi, kule alivuliwa heshima. Anashinda kwenye kiti, analala kwenye kiti hicho hicho, miguu imevimba hata kandambili hazimwingii, anamwambia Séphora ni uzee tu. Na Jumatatu Séphora anarudi kambini akiwa ametulia kabisa, maana amemwacha mama yake kwa mume anayejua kumshika.

Nimeota mara nyingi nikimsikia akiteremka. Ikirudia, nimguse au nitii neno lake? Nikimgusa, si nitakuwa nimemvunjia buko mara ya pili, safari hii akiwa amekataza kwa mdomo wake? Nisipomgusa nitamwambia nini mke wangu? Namba yangu nimeiandika chini. Nisaidie, mama, kabla ya Jumatatu.

Liévin, Makomeno

*

Liévin,

Neno langu la kwanza halihusu buko. Umeandika, kama mtu anayetaja mvua, kwamba Mama Émerance analala kwenye kiti na miguu yake imevimba. Mgonjwa wa moyo asiyeweza kulala chali ameanza kuzama, maji yanamjaa kifuani, na anazama sasa, Jumatatu ni mbali. Barua yako haikungoja zamu yake. Nilimpa mhariri namba yako akakupigia siku ile ile, ukamwahidi kwamba utampeleka. Kama unasoma haya na bado hujampeleka, kunja gazeti, ita taksi. Ushauri wangu utakungoja.

Umempeleka? Basi sasa nikugombeze.

Mimi pia, kama Séphora, ni binti wa reli. Nimezaliwa ndani ya buko, nimewaona mabibi zangu wakijitupa kwenye majani ya barabara ili mkwe apite, na sikubali mtu yeyote aichezee, wala kasisi, wala mchungaji mwenye kipaza sauti, wala wasomi wa chuo kikuu kule Kasapa wanaoandika kurasa nyingi kuonyesha kwamba babu zetu walikuwa wajinga. Kwa hiyo nisikilize vizuri ninapokuambia kwamba siku ile hukufanya buko. Ulifanya woga, ukauvika nguo za buko. Heshima inamtaka mkwe ainamishe macho mbele ya mama aliye hai. Ukitazama ukuta huku anakufa, unamheshimu nani? Unajiheshimu wewe, unalinda ile sifa ya Guelor, kwamba Munande amewashinda Waluba. Ulipenda sana sifa hiyo. Ilikuwa karibu ikupatie jeneza la kubeba, na hapo ungembeba mama mkwe wako bila mtu kukukataza.

Hata hivyo lawama si yako peke yako, na hapa ninawageukia wazee wetu. Tonton Emery, kama unasoma, ulimpa kijana wa watu makatazo yote na hukumwambia kwamba kila buko ina mlango. Kwetu mlango huo haufichwi. Mkwe analeta kuku na kitenge, mama mkwe anapokea mbele ya watu wawili watatu, wanakula pamoja, na tangu siku hiyo anaweza kumshika mkono, kumpa maji, kumbeba akiugua. Mume wangu alifanya hivyo kwa mama yangu, na mama alipopooza, mume wangu ndiye aliyemnyanyua kutoka kitandani. Hakuna aliyesema buko imekufa. Lakini mgeni anafundishwa ukuta tu, kisha tunamcheka anavyougonga kwa kichwa. Sisi wenyewe tunajua pa kupitia, yeye tunamwacha nje, halafu tunamsifu kwa uaminifu wake. Huo ni ukatili wa watu wenye adabu.

Na hospitali hiyo je? Chumba kimoja, vitanda vingi, muuguzi mmoja, maski isiyo na kamba. Simlaumu yule muuguzi, alikuwa anamkimbilia mtoto, na maneno aliyokuambia ningetamani yaandikwe kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kila urgence. Ninawalaumu waliopanga kazi hivi, wakajua tangu mwanzo kwamba nusu ya uuguzi itafanywa na shemeji, shangazi na mkwe, watu wasiofunzwa, walioingia na woga wao wote. Mtu anafika amebeba ndugu anayekata pumzi, kufumba na kufumbua amegeuzwa mashine. Akishindwa, anarudi nyumbani akiamini ameua. Hao nitawaandikia barua yao, na haitakuwa ya upole kama hii.

Sasa yale maneno ya nyuma ya pazia. Umeyasikia vibaya, na ndiyo maana hulali. Yule mama alikuwa ndani ya mwili wake siku ile, alijua nani alimshika na nani hakumshika. Angetaka, angemwambia binti yake kwa neno moja, na nyumba yako ingewaka. Amenyamaza. Kisha akakuita akakuambia ulifanya vizuri. Liévin, mama mkwe haruhusiwi kukwambia "nimekusamehe, mwanangu, nimeona ulivyoogopa", buko haina maneno hayo. Amekupa aliyokuwa nayo. Na lile neno la pili, ufanye vile vile, ni la mwanamke anayeona haya kuliko anavyoogopa mauti, aliyefunguka nguo mbele ya chumba kizima, anayeogopa aibu hiyo itarudi. Hiyo ni hofu, na hofu ya mgonjwa haitiiwi. Inatulizwa. Mwambie utachukua kitenge kipana na pini za kukifunga, na kwamba atafunikwa tangu nyumbani hadi kitandani. Utashangaa jinsi "sirudi hospitalini" inavyolegea mtu akijua atafunikwa.

Séphora umwambie yote kabla hajapanda gari la kambi. Usimwambie nusu. Atakasirika, na ana haki, labda ataomba ruhusa kazini abaki, na hilo ndilo unalotaka, si kweli? Ukimwacha aondoke kwa amani ya uongo, basi safari hii hutakuwa na ukuta wa kusingizia. Mwambie pia kwamba shukrani zake zilikuwa za Syntiche, mtafuteni, mjue kaka yake anaendeleaje. Yule aliacha mgonjwa wake kwa ajili ya mgonjwa wako.

Tonton Emery umwite leo, sio siku akipata nafasi. Kuku ni kuku, kitenge chagua kizuri. Mke wa Guelor awepo, akufundishe mbele ya Séphora jinsi ya kukaa nyuma ya mgonjwa na kumwegemeza kifuani, mikono wapi, magoti wapi, ili mikono yako iwe imejua kabla ya kichwa chako kuanza kutetemeka. Na ukifika tena urgence, sema mlangoni, kabla hawajakuuliza: mimi ni mkwe, naogopa, nionyeshe. Muuguzi aliyechoka anaweza kumvumilia mwoga anayesema. Anayenyamaza ndiye anayemuua mgonjwa.

Je, kama pumzi itakatika kabla kuku hajaletwa? Swali hilo ndilo uliloniandikia, hayo mengine ulinizungusha tu. Mshike. Mshike uso kwa uso ikibidi, uchi ikibidi, hata akikukataza kwa mdomo wake. Buko itafunguliwa kesho yake, tutaomba radhi, tutakula kuku wawili badala ya mmoja, na Mama Émerance atakuwepo kukunja uso na kukataa paja.

Toa komeo la ndani kwenye mlango wa annexe leo hii. Usiku na mchana ubaki wa kusukumwa tu. Ukisikia pumzi imebadilika, awe amekuita au hajakuita, simama nje ya pazia useme kwa sauti, "Mama, naingia," kisha ingia. Usingoje ajibu.

Mama Jeanne