Bakuli la Yeslam

Mona, dada Nabiha kaachwa.

Alikuja asubuhi kuwatazama wazee. Akakaa jikoni na mama wakipokezana mbuzi ya kukunia nazi, wakapika wali na samaki wa kupaka, huku wanacheka. Wanacheka, Mona!

Chakula kilipoiva, akampakulia bakuli mumewe Yeslam, yule karani wa reli. Mama akalichukua, akaurudisha wali chunguni. Taratibu, mpaka punje ya mwisho.

"Mwanangu, Yeslam alikuja alfajiri na mashahidi. Amekuacha mbele ya babako. Nilitaka ule kwanza."

Hakulia. Wallahi hakulia! Akalitazama lile bakuli tupu, akauliza:

"Mlimpa chochote, mama? Alitoka nyumbani hajafungua kinywa."