Ngumi Ambayo Baba Zulfa Hakuiona

Rosettenville, Jumatatu, mwezi wa nane, 2017

Upepo umeamka na sisi leo. Vumbi la machimbo limeingia mpaka kwenye kopo la sukari, midomo imenikauka, na moyo wenyewe hauko mahali pake. Nimefunga cherehani mapema. Nguo za watu zitasubiri. Kuna jambo nisipoliandika litanikaba.

Mume wangu, Baba Zulfa, ni bondia. Ana miaka thelathini na sita, na Jumamosi hii alikuwa apande ulingoni kwa mara ya mwisho. Pambano lililopita alipigwa, akasema hawezi kustaafu na kipigo mgongoni, lazima aage akiwa ameinua mikono. Nilimwelewa. Kaptura yake nimeishona mwenyewe, satini ya kijani na mkanda mweupe, na nikaipiga pasi mara mbili kama ya bwana harusi.

Lakini kabla ya ngumi, kule Tanga, alikuwa na kazi nyingine: mtafsiri wa banda la video. Mliokulia kwetu mnaijua. Filamu ya Kichina au ya Kikorea inawekwa, mtu anasimama pembeni ya TV na maiki, uso kwa watu, jicho la pembeni kwenye picha, anaigeuza yote Kiswahili. Kichina chenyewe hajui hata salamu. Anatunga! Steringi anampa jina la fundi viatu wa mtaani, adui anampa jina la mwenye nyumba, watu wanakufa kwa kicheko. Mwenzenu nilimpendea hapo hapo. Nilikuwa nimekaa benchi la pili.

Hapa Joburg anaifanya kazi hiyo Jumapili mchana, bila maiki, saluni kwa Mama Bea. Mama Bea ni Mkongo wa Lubumbashi, msusi, shoga yangu wa kufa na kuzikana. Wateja wanasukwa, TV iko ukutani, Baba Zulfa anatafsiri, na kila mtu anaenda nyumbani na mbavu zinauma.

Jana ikawekwa ya Kijapani. Mama Bea aliipata Hillbrow kwenye meza ya CD, muuzaji akamwapia kuwa ni karate. Karate wapi! Ndondi tupu, na si ndondi za kistaarabu. Ndugu wawili wanafanya kazi kwenye ghala la barafu, wanakosana, wanaamua kumalizana ulingoni. Hadithi ndiyo hiyo, haina zaidi. Ila picha zake, lahaula! Aliyeitengeneza kaitia nyekundu mpaka kwenye kuta. Kamera inaingia mdomoni mwa mtu na kutoka na jino. Uso unavimba mpaka unajaza TV nzima, zambarau na njano kama papai lililodondoka, na mwenye uso anacheka, anaomba aongezwe. Dada mmoja aliyekuwa anasukwa, anasomea mambo ya filamu, akasema hii ina waumini wake dunia nzima, wapo walioitazama mara ishirini. Nikamwambia hao wapimwe akili.

Ila nilitazama. Nakiri. Sikuweza kutoa macho.

Kilichonikera si damu. Ni mama yao wale ndugu. Amekaa safu ya mbele na mkoba mapajani, mwanzo mpaka mwisho, na hasemi acheni. Nilimsonya kwa sauti. Watu wakacheka.

Sasa sikilizeni. Siku zote Baba Zulfa husimama TV ikiwa mkono wake wa kushoto. Jana upande huo kulikuwa na mteja chini ya draya, kajaa kwenye kiti na rola zake kichwani, hapishiki. Ikabidi asimame upande wa pili, TV iwe kuliani kwake. Akaanza kugeuza kichwa kizima, anatupa mgongo. Wanawake wakapiga kelele: geuka tukuone, tumekuja kukutazama weye! Akageuka, akatutazama kwa tabasamu lake lile, akaendelea na maneno.

Pale ndipo mdogo akampiga mkubwa konde la taya, kubwa, TV ikawa nyekundu yote. Na mume wangu, kwa sauti ya madaha, akasema: "Loo, steringi kateleza! Sakafu imelowa jasho!"

"Papa Zulfa, banamupiga ngumi!" Mama Bea akapayuka, kitana nyweleni mwa mtu. "Haukuona?"

Saluni ikaangua kicheko, wakidhani ndiyo vichekesho vyake. Yeye akadaka: ndiyo, steringi hapigwi, huteleza tu! Wakacheka zaidi. Miye sikucheka. Nimeolewa naye miaka kumi na miwili, najua anapotania na najua anapojifunika. Nilimtazama lile jicho la kulia. Lilikuwa linaelekea kwenye TV, na lilikuwa halitazami kitu.

Hakuiona ile ngumi.

Nikakaa na mkoba wangu mapajani, na mambo ya miezi yakaanza kujipanga yenyewe. Bega lake la kulia linavyogonga fremu ya mlango. Chai anavyoimimina nje ya kikombe, nikamlaumu kuwa hana adabu na kitambaa cha meza. Na hili ndilo linaloniuma hadi sasa: tangu mwaka uanze, tukitoka anataka nitembee kuliani kwake, na tukifika kwenye robot, zile taa za barabarani, ananishika mkono mpaka tuvuke. Nikajua mapenzi! Nikamringia Mama Bea kwamba wangu kazeeka na mahaba. Kumbe nilikuwa nimegeuzwa jicho.

Tuliporudi nyumbani nikamtuma Zulfa dukani, nikamwambia baba yake azibe jicho la kushoto aniambie naonyesha vidole vingapi. Akasema niache utoto. Nikanyoosha mkono, sikushusha. Akakaa kitandani.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Ni tangu lile pambano alilopigwa. Mwanzo aliona kama pazia linashuka, sasa ni giza. Nikamuuliza kipimo cha macho alipitaje. Alisimama karibu na mlango, akamsikiliza bondia aliyemtangulia akisoma zile herufi kwa sauti, akazikariri. Mtu anayetunga maneno ya filamu nzima na kuyakumbuka yote, herufi zile zitamshinda nini? Kidogo nicheke. Halafu akaniomba: "Mama Zulfa, nipe hili moja tu. Moja. Usimwambie mtu."

Sikumjibu. Yeye akaichukulia kuwa ndiyo, na miye nilimwachia aichukulie hivyo. Huo ni uongo wangu, nauandika hapa kwa mkono wangu.

Nililelewa kwamba siri ya mume haivuki kizingiti. Mke anayekwenda kumsema mumewe kwa wanaume wenzake, kwetu hana jina zuri. Nimegeuka na hilo kitandani, nimeswali nalo alfajiri, nimemfungia chakula akaenda kazini Midrand anakolinda ghala, kanipungia mkono getini. Kisha nikajitanda mtandio nikaenda gym kwa kocha wake.

Kocha ni Msotho mpole, hana maneno mengi. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. "Eish, mama," akasema, akashika kichwa. Akaniambia ngumi moja tu upande ule asioona inatosha nimrudishe Tanga kwenye sanduku. Akachukua simu pale pale mbele yangu, akawaambia waandaaji wafute jina la Baba Zulfa kwenye pambano la Jumamosi. Nilidhani nitasikia nafuu. Haikuja; nikajitanda mtandio upya nikarudi nyumbani.

Kesho asubuhi tunakwenda kliniki ya macho. Nimeshamwombea ruhusa kazini, nimedanganya kuwa anaharisha. Labda kuna cha kuokoa, labda hakuna. Twende tuambiwe.

Amerudi saa kumi na mbili. Kocha alishampigia. Hajanitukana, hajapiga meza, na afadhali angepiga. Kavua viatu, kamuuliza Zulfa habari za shule, Zulfa kamjibu kwa Kizulu kama kawaida yake. Nimemtengea wali, kala. Halafu, viti vyote hivi, kaenda kukaa kile ambacho jicho bovu linakuwa upande wangu, makusudi, ili asinione.

Basi asinione. Miye namwona, mzima, anakunywa chai yake, na Jumamosi hapigani.