Wimbo Ulioutega kwa Biro

Barasa, rafiki yangu,

Nimekaa kwenye ngazi za nyuma hapa mtaani Tena, pale ulipopenda kukaa ukizungusha kaseti zako. Jua limelegea, jirani anakaanga omena, na watoto wa ploti wanaruka kamba. Tangu utuache niko kama mtu aliyelala mchana akaamka vibaya. Sauti zinanifikia zimechelewa. Naitwa, na nikija kuitika aliyeniita keshaenda zake.

Mama yako aliporudi kutoka kukuzika nyumbani kwenu Bungoma, aliniletea wokmani yako, ile redio ndogo ya kaseti. Alikuwa ameitia ndani ya soksi yako ya shule. "Mwende," aliniambia, "haka kadude kalikuwa kananinyang'anya mtoto kila Jumapili. Chukua, wewe ndiye unajua kazi yake." Niliipokea kwa mikono miwili. Nililia mpaka dada zangu wakaogopa kuniletea chai.

Ndani kulikuwa na kaseti, nawe unajua ni ipi. Hukupenda kumaliza bateri kwa kutafuta nyimbo, kwa hivyo ulikuwa unaingiza biro kwenye tundu la kaseti na kuizungusha polepole, unasikiliza kidogo kwa sikio moja, unazungusha tena, mpaka wimbo usimame mwanzoni kabisa. Uliita hiyo kutega. Wiki ile kifua kilipokubana ulikuwa kitandani ukitega, na nilipotaka kusikiliza ulinipiga kofi mkononi. "Wee Mwende, wacha hiyo! Nishaitega. Utaiskia Jumapili na watu wengine." Jumapili ilipofika ulikuwa hospitalini, na ile iliyofuata haikukukuta.

Basi sikuigusa. Nilikwenda nayo kazini kwenye mkoba, nikalala nayo chini ya mto. Niliona kwamba nisipobonyeza, wewe bado uko pale, biro mkononi, ulimi nje kama kawaida yako. Nikibonyeza, utepe utasonga, na hakuna mtu duniani atakayeweza kuurudisha pale pale ulipouacha wewe. Hilo ndilo lililonitisha, Barasa. Nilikuwa nimekupoteza mara moja na sikutaka ya pili.

Vijana wakawa wananisimamisha njiani. "Niaje Mwende, ngoma ni lini?" Nawajibu bado. Nikifika nyumbani nafumba macho naona ukumbi wetu wa disko la Jumapili: mablanketi tuliyotundika madirishani ili iwe usiku saa nane mchana, maana wazazi walitaka watoto wao nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Mtu akifungua mlango, jua linaingia naye hadi katikati ya wanaocheza, kisha giza linarudi. Na kule mbele wewe, umeshika kitu kinachoenea kiganjani, waya wake umeshuka mpaka kwenye spika uliyoitumbukiza ndani ya mtungi wa maji wa mama yako ili besi ivume. Alivyokufokea kwa mtungi ule! Nami nilijificha nyuma ya mlango nikicheka.

Mwishowe ni mama yako aliyenitoa kwenye woga huo. Alikuja akanikuta nimeishika wokmani, akaniuliza, "Huo wimbo alikuwa anamtengenezea nani? Wewe, ama watu?" Nikasema watu. "Basi wapelekee. Na mimi nitakuja."

Jumapili alikuja kweli. Mama yako, mtu wa kanisa, na kitambaa chake kichwani na viatu vyake vya ibada, akaketi kwenye benchi peke yake. Ukumbi ulijaa. Nikabonyeza kitufe, macho yakiwa yamefumbwa.

Utepe ulivuma kidogo tu, kisha likaingia gitaa. Barasa! Ule wimbo wa zamani ambao mama yako huuimba akipiga pasi! Uliupata wapi, na vijana wako walikuwa wanataka rapu tupu? Wakaanza kucheka. Mmoja akapiga kelele, "Ni ya wazee hii!" Halafu besi ikaanza kuvuma, wakasahau kucheka, wakaanza kucheza. Nilimtazama mama yako. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akainuka polepole, akajifunga leso kiunoni, akaingia katikati yao, na watoto wakampisha.

Wimbo ulipokaribia kuisha kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Ningeweza kuusimamisha, nikurudishe mwanzo. Nilitaka sana. Nikauacha ukaisha.

Kisha kimya. Tulikuwa na wokmani moja tu, unajua, na nilipokuwa nabadilisha kaseti ikaniponyoka ikaanguka, nikaanza kuipapasa sakafuni gizani. Lakini hakuna aliyesimama. Uliwazoesha mwenyewe, "Msisimame, ngoma iko njiani," na walikuwa wanaendelea kwa miguu tu juu ya simiti, wote kwa pamoja, hakuna muziki. Katikati ya miguu hiyo nilisikia viatu vya ibada, vizito, vimechelewa kidogo, navyo havikusimama.

Nimekukosa vibaya, sitakudanganya. Lakini ile kaseti nimeirudisha kwenye kasha lake, na leo nimetega nyingine kwa biro na mkono wangu mwenyewe. Nimekosea mara kadhaa, ungenicheka.

Pumzika, Barasa wangu. Nakuahidi ukumbi hautakaa kimya, na mama yako hatakaa Jumapili peke yake. Ameshaniuliza tunaanza saa ngapi.

Mwende