Vyuma Ulivyovifupisha

Jumapili, 14 Mei 1995, saa nne asubuhi, manyunyu.

Kaka Mutie,

Chai imo kwenye chupa. Ufunguo wa pikipiki ~~uko dirishani~~ ninao mimi.

Ulifupisha vyuma vinavyoshika springi ya nyuma ili pikipiki yangu iinue mkia kama ya mashindano, wala hukuniambia. Mkia ukiinuka hivyo usukani huyumba; kwenye kona ya mtaa wa Tena ulinishinda, tukaanguka mimi na Mama. Nampeleka Mama akashonwe goti. Anashikilia kwamba uzito wake ndio uliotuangusha, na ananiomba mimi radhi!

Tuliporudi tukichechemea, ulininong'oneza mlangoni: "Usimwambie mathe. Si niliacha shule ndio wewe usome bweni?"

Nitamwambia tukiwa kwenye foleni ya hospitali. Deni lako nalikiri, Kaka; kulilipa kwa kumdanganya Mama, nakataa.

Mdogo wako,
Nzivo