Jina Lake Limo

Murusagamba, Jumanne, Novemba 1978

Wiki tatu za ndoa, wiki tatu za furaha tupu, na leo naandika kwa hofu. Mchana mume wangu mpenzi, mwalimu wangu, alinifundisha Kiingereza huku tukichambua maharage. Leo tulikuwa na kitenzi "see". Ni kuona, akasema, lakini pia kuelewa, kumtembelea mtu, hata kumsindikiza msafiri. Nilitunga sentensi tisa, zote zinamtaja yeye! Alicheka sana.

Ndipo balozi wa nyumba kumi akapiga hodi. "Mwalimu, jina lako limo. Lori la kwenda vitani linapita kesho asubuhi."

Nami sijatolewa nje. Kwa desturi yetu bibi harusi hukaa ndani mpaka sherehe, na yangu ni Jumapili.

"Mama, naomba nimsindikize," nilimwambia mama mkwe.

"Mpaka barabarani? Watu watanicheka, mwanangu."

"Wacheke, mama. Nisipomwona kesho, labda..."

Sikumaliza. Naye aliinama akachambua tena maharage tuliyokwisha kuyachambua.

Nitatoka. Nitajifunika kanga mbili, nitamshika mkono mpaka kwenye lori, kijiji kizima kikitazama.