Mlango Nisiougonga

Shangazi yangu,

Wiki iliyopita nilikwenda kijijini Buswahili. Nilikwenda kusema lile neno nililopaswa kulisema siku zile pale Musoma, mbele ya polisi na mbele ya yule mama, nikalimeza, ukalibeba wewe. Umekufa nalo. Nilingoja mpaka uzikwe ndipo nikapata ujasiri, kwa hiyo usinisifu.

Unakumbuka nilivyokuja kwako kutoka Mugeta? Ulinichukua kwa majaribio ya mwezi mmoja. Hukuwa na mtoto, na miguu ilikuwa imeanza kuvimba, ukamwambia baba, "Kaka, nipe huyo Nyangeta nimwone kama ataiweza nyumba. Akiiweza ni yake." Vyumba vinne vya bati, mwendo mfupi kutoka mwaloni Mwigobero, na kibao ulichokiandika kwa rangi iliyobaki kwenye mtumbwi wa jirani: KULALA NA CHAI. Nikajiona tayari mwenye gesti. Nilidhani kazi ni kukaa barazani na daftari la wageni, kuuliza watu jina, kabila, kazi, watokako na waendako.

Ulinitoa ushamba siku ya pili tu. Ndoo za maji kutoka ziwani kabla hakujapambazuka vizuri. Sabuni ilikuwa imeadimika mji mzima, kwa hiyo mashuka tuliyafua kwa majani ya mpapai mpaka vidole vikachubuka. Mkate tuliuota tu. Mezani ulikuwa unaweka chai ya rangi isiyo na sukari, viazi vitamu na chumvi pembeni, na bado ulitandika kitambaa cheupe utadhani tunamngojea mkuu wa mkoa. Mgeni mmoja alipoulizia sukari ulimwambia, "Koroga tu, baba, utazoea." Nilikimbilia jikoni kwa kicheko.

Lakini kazi uliyoisisitiza kuliko zote ilikuwa ya milango. Saa moja na nusu asubuhi, kila mlango ugongwe. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Kwetu mgeni haamshwi. Ukimwamsha umemwambia aondoke, na akilala mpaka jua likawa kali mwenye nyumba anajivuna kwamba mtu amepata amani kwake. Nilipokueleza hivyo ulikasirika.

"Hapa si Mugeta. Hapa tunagongaga. Na usiondoke mlangoni mpaka akujibu kwa mdomo wake."

"Sasa kama amechoka?"

"Akutukane. Akikutukana ujue ni mzima."

Asubuhi ile ulidamka kwenda kupanga foleni kwenye duka la kaya, lile la mgao, maana tulisikia sabuni imeingia. Uliniachia milango minne. Chumba namba tatu alikuwamo yule kijana wa Buswahili aliyeshuka meli ya Mwanza mchana wa jana yake. Alikuwa anakwenda kumwona mama yake, akakosa gari. Jioni alilalamikia kichwa, akaomba maji ya kunywa, akaingia kulala.

Niligonga cha kwanza, cha pili, nikaruka nikagonga cha nne. Nikarudi cha tatu, nikasikia anakoroma, mkoromo mzito, wa chini kabisa. Nikashusha mkono. Nikajisemea, huyu ametoka safari, na shangazi naye anazidisha mambo yake ya mjini. Chai yake nikaifunika kwa sahani. Hata wale wachuuzi wa dagaa waliokuwa mezani niliwaomba wapunguze sauti. Nilikuwa najivuna, Shangazi. Nilijua natenda wema.

Ulirudi saa sita, sabuni hukupata. Ukaiona ile sahani.

"Huyu hajaamka?"

"Amelala vizuri tu."

Uliusukuma mlango kwa bega.

Alikuwa bado anapumua, ila macho yake hayakutuona. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Tulimpeleka hospitali kwa mkokoteni wa samaki, wewe unasukuma nyuma, mimi nimeshika kichwa chake kisigonge mbao. Alikufa jua halijazama. Daktari hakutugombeza. Alisema tu, "Mngemleta asubuhi," akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Polisi aliyekuja kuandika maelezo aliuliza nani alikuwa zamu. Nilisimama karibu nawe kiasi kwamba kanga zetu ziligusana. Nilifungua mdomo. Ukawahi wewe.

"Mimi."

"Kwa nini hukumwamsha?"

"Nilipitiwa."

Wewe, upitiwe! Nami nikatazama chini. Kesho yake mama wa marehemu akaja na ndugu zake kuchukua mwili, ukalirudia neno hilohilo mbele yake, umepiga magoti vumbini. Alikutazama tu. Hakukulaani, na nadhani laana ingekuwa nafuu.

Baada ya hapo mji ulitubatiza jina, gesti ya kufia. Wageni wakawa wanasoma kibao na kupita. Mwezi wangu ulipoisha uliniambia nirudi kwa baba, wala hukuwa na hasira. Ulisema, "Nenda, mwanangu. Wewe bado una siku nyingi za kuishi." Nikaenda, nikaolewa Bunda. Enzi za ruksa zikaja, biashara ikawa huru, sabuni za kila rangi zikajaa madukani, na kila mwenye vyumba viwili akafungua gesti. Vyako ukawapangisha wanunuzi wa sangara, wakaweka barafu na nyavu. Nilikuja kila Krismasi, tukaongea pamba, mvua na watoto wangu. Lile jambo hatukuligusa. Nilijiambia umeshalisahau, kwa sababu ilinifaa.

Basi nimekwenda. Yule mama amezeeka, anaishi peke yake. Nilimkuta anamenya mihogo. Nilipiga magoti, nikajitaja, nikamwambia hukuwa wewe. Ni mimi niliyemsikia mwanawe akikoroma nikapita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu kimesimama mkononi.

"Shangazi yako alikuwaga anakuja hapa," akasema. "Kila mvua zikianza. Anakuja kunilimia. Mwaka wa kwanza nilimfukuza. Wa pili nikamfukuza. Wa tatu nikamwachia jembe."

Sikujua, Shangazi. Sisi ulituambia unakwenda kumtembelea rafiki wa kanisani.

"Nilimlimisha vibaya," akaendelea. "Pale kwenye mawe, ambapo hata ng'ombe wanakataa. Nilikuwa nakaa hapa namtazama. Maji sikumpa. Miaka yote hiyo hakuwahi kusema kitu."

Akaweka kisu chini.

"Ungekuja yeye akiwa hai, ningemnyang'anya lile jembe. Sasa umekuja leo. Mimi nikamwombe nani msamaha?"

Nilikwenda kutua mzigo wangu, nikamtwisha yeye. Alianza kulia, kwa sauti, mama yule ambaye siku ya kuchukua mwili wa mwanawe hakutoa chozi mbele yetu. Majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani. Niliwajibu ni wako, Shangazi.

Pumzika, Shangazi. Msamaha sikuombi, maana najua ungenipa hapohapo, bila hata kuniuliza nilichofanya.

Mimi, binti wa kaka yako,
Nyangeta